DAMU YA MAMA NI AMANA
Somo juu ya safura ya wenye mimba, na haki ya mama na mwanawe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Somo letu la leo si la twahara wala si la mirathi. Ni jawabu la swali niliulizwalo mbali na pwani yetu, nami sikuweza kulijibu usiku ule kama ilivyopasa. Naliandika hapa ili mimi na nyinyi, ndugu wasomaji, tulifahamu sote, kwani ndani ya swali lile mna roho za watu.

SWALI LA MATULO

Nalikwenda Magharibi ya Kenya kusomesha, nikapita Mumias, kisha Bungoma, nikafika Matulo upande wa Webuye. Ni nchi ya mahindi na miwa, yenye mvua nyingi na mbu wengi, na ndugu zetu Waislamu huko ni wachache lakini wana hamu ya elimu. Baada ya sala ya Isha nikasomesha juu ya subira. Katika maneno yangu nikataja watu ambao Mtume (s.a.w.) amewahesabu kuwa ni mashahidi ijapokuwa hawakufa vitani, na miongoni mwao ni mwanamke afaye kwa sababu ya mimba au uzazi.

Watu walipotawanyika, kijana mmoja akabaki. Akaniambia, "Shekhe, mke wangu alikufa siku aliyozaa. Nimefurahi kusikia ni shahidi. Lakini mimi, je, nitaulizwa?"

Nikamwambia, "Keti, ndugu yangu, unieleze."

Akaeleza. Mkewe alikuwa na mimba ya pili, na mtoto wa kwanza hajatimiza hata miaka miwili. Tangu mwezi wa tano akawa hana nguvu. Akitoka mtoni na ndoo humbidi kuketi njiani mara mbili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na kila mara alikuwa akila udongo. Kliniki walimpima wakamwambia damu yake ni kidogo, wakampa vidonge. Alipovimeza, choo chake kikawa cheusi. Mama mkwe akasema vidonge hivyo vyamchoma mtoto tumboni, navyo vikatupwa. Mume akaambiwa ni pepo, akatoa fedha akanunua hirizi. Siku ya kuzaa damu ilitoka, wala wakunga hawakuiona kuwa ni nyingi sana kupita ya wanawake wengine. Lakini yule hakuwa na damu ya kupoteza. Hata gari lilipopatikana, na hospitali ilipofikiwa, damu ya kumtilia haikupatikana upesi. Alikufa kabla ya alfajiri.

Nalimwombea dua kijana yule, nikamliwaza, nikalala. Lakini swali lake halikulala. Nikakumbuka ni mara ngapi nimesimama kwenye matanga ya mwanamke kijana hapa kwetu, nikasema "amekufa shahidi", nikaondoka, wala sikuuliza hata mara moja alikufa kwa nini.

SAFURA NI NINI?

Sisi watu wa pwani tuna neno letu la tangu zamani: safura. Asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na rangi ya manjano, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa na damu hupauka. Wataalamu hupima kitu kilichomo katika damu kiitwacho himoglobini. Ndicho kinachoipa damu wekundu wake, na ndicho kichukuacho hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Mwanamke mwenye mimba, himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita moja ya damu, huyo ana safura. Ikiwa chini ya 7, safura yake ni kali, na roho yake imo hatarini.

Wala si maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa katika mwaka 2019 wanawake wenye mimba zaidi ya mmoja katika kila watatu duniani walikuwa nayo.

Kwa nini mimba huleta safura? Mama anapochukua mimba, maji ya damu yake huongezeka kwa karibu nusu, lakini chembe nyekundu haziongezeki kwa kadiri hiyo. Ni kama mchuzi uliotiwa maji bila ya kuongezwa nazi. Kisha mtoto naye anajenga damu yake, na kondo la nyuma lataka sehemu yake. Vyote hivi hujengwa kwa madini ya chuma, na kwa mimba nzima huhitajika kiasi cha gramu moja. Gramu moja ni kitu kidogo machoni, lakini mwanamke aliyezaa jana akachukua mimba leo hana akiba hiyo.

Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto hujiwekea akiba ya chuma ya kumtosha karibu miezi sita baada ya kuzaliwa. Mama asiye na kitu atampa nini? Ndiyo sababu mama mwenye safura kali huhofiwa kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto mdogo asiyetimiza kilo mbili na nusu, na mtoto kama huyo hushindwa upesi na baridi na maradhi.

Na mama mwenyewe? Kutoka damu wakati wa uzazi na baada yake ndiyo sababu kubwa ya vifo vya wazazi katika Afrika. Taa iliyojaa mafuta, ukimwaga kidogo, haizimiki; taa iliyobakia na tone, ukiitikisa tu imekufa. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2014 ulikadiria wanawake 362 wafao kwa ajili ya uzazi katika kila watoto 100,000 wazaliwao hai, na mataifa yameafikiana kuwa ifikapo mwaka 2030 hesabu ya dunia nzima iwe chini ya 70.

SABABU ZAKE

Ya kwanza ni chakula. Katika nyumba nyingi sinia ya wanaume hutangulia, nayo ndiyo yenye nyama. Mwenye mimba hula ugali au wali kwa mchuzi uliobaki. Wengine humkataza mayai na samaki, wakisema mtoto atakuwa mkubwa na kuzaa kutakuwa kugumu. Hayo hayana asili katika dini wala katika utabibu. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Sura ya Maryam kwamba bibi yule mtukufu, katika saa ile ile ya uchungu, aliandaliwa tende mbivu na maji, akaambiwa ale na anywe. Nani basi aliyekupa wewe ruhusa ya kumnyima mkeo?

Ya pili ni malaria. Matulo na pwani yetu zimekuwa ndugu katika jambo hili. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na katika mimba vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama aweza asione homa kubwa naye anaisha ndani kwa ndani, na mimba ya kwanza na ya pili ndizo zenye hatari zaidi.

Ya tatu ni minyoo ya safura, iingiayo kwa nyayo zisizovaa viatu, ikashika matumbo ikanyonya damu. Uchunguzi wa watoto wa shule uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha wazi kuwa minyoo hiyo ilikuwa sababu kubwa ya safura yao.

Ya nne ni mimba kufuatana bila ya nafasi. Na ya tano ni maradhi ya kuzaliwa nayo, kama seli mundu, yapatikanayo pwani na Magharibi pia. Mwenye maradhi haya asijitibu kwa vidonge vya chuma mwenyewe. Na amwone daktari.

Ama kula udongo, wanawake wengi huona haya kukusema. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kutangazwa mwaka 1998 uliwakuta zaidi ya nusu ya wajawazito 275 wakila udongo kwa mazoea, na walaji hao walikuwa na chuma kidogo zaidi mwilini kuliko wenzao. Basi mwanamke alaye udongo asichekwe wala asitukanwe. Hamu yake yaweza kuwa ni alama ya kupungukiwa, na udongo wenyewe waweza kumzidishia. Na apelekwe akapimwe damu.

PEPO AU UPUNGUFU WA DAMU?

Hapa yanilazimu niseme neno zito kwa watu wa ilimu wenzangu. Mwanamke akiwa na kizunguzungu, moyo ukamwenda mbio, akahema kwa kupanda ngazi tatu, akalegea, masikio yakavuma, wako wasemao kwa haraka: "Ana pepo." Huandikiwa kombe, hufungwa hirizi, hupigiwa ngoma. Hayo yote niliyoyataja ni alama za safura, zijulikanazo na kila mkunga aliyesoma. Mfunue ukope wa chini, utazame ulimi wake, viganja na kucha. Ukiona weupe badala ya wekundu, usitafute pepo.

Kumwombea mgonjwa dua na kumsomea Kurani ni jambo jema, na Mtume (s.a.w.) aliwasomea wagonjwa. Lakini yeye huyo huyo aliwaamrisha watu wajitibu, akawafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia na dawa yake. Mwenye kuchukua fedha ya mume maskini, akamfungia mkewe karatasi shingoni, na hali akimjua kuwa amepauka na anahitaji kupimwa, basi ajue kuwa amekula fedha na amechelewesha dawa. Fedha yaweza kurudishwa. Siku zilizopotea hazirudi.

YAPASAYO KUTENDWA

Mwenye mimba na aende kliniki mapema, kabla ya mwezi wa tatu kutimia akiweza. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri aonane na watu wa afya si chini ya mara nane katika mimba moja. Apimwe damu, na asione haya kuuliza, "Damu yangu ni ngapi?" Mume naye aijue hesabu hiyo kama ajuavyo hesabu ya kodi ya nyumba yake.

Hupewa kidonge cha chuma pamoja na asidi foliki, kimoja kila siku. Chaweza kutia kichefuchefu au kufunga choo, nacho hufanya choo kuwa cheusi. Weusi huo ni wa chuma kisichochukuliwa na mwili, wala hakuna mtoto achomwaye. Akikimeza usiku baada ya kula, kichefuchefu hupungua. Akila na ndimu, chungwa au embe, chuma huingia vizuri zaidi mwilini. Lakini asikimeze kwa chai wala kahawa! Chai huzuia chuma kisiingie. Na iwe mbali na chakula na kidonge kwa saa moja au zaidi. Najua ni vigumu kumwambia mtu wa pwani habari hii, lakini haki husemwa.

Katika nchi za malaria hupewa pia dawa ya kinga iitwayo SP, kuanzia mwezi wa nne, kila aendapo kliniki, baina ya kipimo na kipimo mwezi mmoja, vipimo vitatu au zaidi. Na amwambie mtu wa kliniki kila dawa nyingine anayotumia. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Baada ya miezi mitatu ya kwanza hupewa dawa ya minyoo; na avae viatu.

Chakula chenye chuma hakihitaji utajiri. Dagaa, samaki, nyama ijapokuwa kidogo, kunde, maharagwe, pojo, mchicha, na mnavu ambao ndugu zetu wa Matulo huuita managu. Ini ni bora kwa damu, lakini katika mimba lisiliwe kila siku.

Mama aonapo anahema hali ameketi, au uso na mikono imevimba, au damu yatoka hata kidogo, asingoje asubuhi wala asingoje mume arudi safari.

Mtoto akizaliwa, kitovu kisikatwe kwa pupa. Hungojwa dakika moja hadi tatu, kwani damu iliyomo katika kondo ni haki yake naye humwingia. Anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na dang'a, yale maziwa mazito ya manjano, yasikamuliwe yakamwagwa, kwa kuwa ndiyo kinga yake. Tahniki ni suna ya kumgusisha mtoto tende iliyolainishwa, kwa mikono safi, si kumshibisha asali na maji. Maziwa ya mama peke yake yamtosha mpaka miezi sita. Na mama asiache vidonge siku aliyozaa, bali aendelee navyo kwa kadiri atakavyoambiwa, kwani nifasi nayo huchukua damu.

MASUALA MATATU NA MAJIBU YAKE

Suala la kwanza: Mwenye mimba aliye na safura, je, afunge Ramadhani?

Jawabu: Mgonjwa ameruhusiwa kula kwa nassi ya Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, na mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wametajwa katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, akihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hula na kulipa siku zile tu. Akihofia mtoto peke yake, hulipa na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Na daktari mwaminifu akimwambia kuwa kufunga kutamdhuru, haimfalii kujidhuru ili asemwe kuwa ni mcha Mungu. Mama mkwe amwonaye mkaza mwana akila mchana kwa udhuru huu asimvunjie heshima. Mwenye kupokea ruhusa ya Mola wake hana aibu.

Suala la pili: Je, yafaa kutiwa damu ya mtu mwingine, na kutoa damu?

Jawabu: Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kwa dharura ya kuokoa roho, kwa sharti kwamba mtoaji asidhurike, na damu isiuzwe. Na aya ya 32 katika Sura ya Al-Maida yatosha kutujulisha daraja ya mwenye kuhuisha nafsi moja. Basi vijana wetu wenye afya na wajitokeze kutoa damu. Na Ramadhani watoe usiku. Damu haitengenezwi kiwandani. Ikiwa sote tutangoja mpaka jamaa yetu awe kitandani, itakuwa kama ile ya Matulo: gari limefika, mgonjwa amefika, damu haipo.

Suala la tatu: Je, mke asubiri idhini ya mume, na je, atazamwe na daktari mwanamume?

Jawabu: Akipatikana tabibu mwanamke, huyo ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, dharura huhalalisha kwa kadiri ya haja, pamoja na kuwapo mahramu au mwanamke mwaminifu. Ama idhini, mume na aitoe siku mimba ijulikanapo, tena mbele ya mama yake, ili ajapo kuwa safarini asiwepo wa kusema "tumngoje mwenyewe". Na aweke nauli kando. Serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kuzaa katika hospitali zake tangu tarehe 1 Juni 2013, na mpango huo baadaye ukaitwa Linda Mama. Na tangu Oktoba 2024 mambo ya bima ya afya yamehamia SHA. Basi na amwandikishe mkewe mapema, asingoje siku ya uchungu.

JAWABU LA KIJANA WA MATULO

Sasa narudi kwa ndugu yangu yule. Hadithi iliyomtaja mwanamke afaye kwa uzazi kuwa ni shahidi, ndiyo hiyo hiyo iliyomtaja mtu afaye maji. Sisi ni watu wa bahari. Nahodha akijua kuwa chombo chake kimeoza, mafundi wakamwambia kitie kalafati, naye akakataa, akapakia abiria, kikazama: walikufa maji watu wale ni mashahidi kwa fadhila ya Mola wao. Je, nahodha naye tutampa pongezi? Daraja ya aliyekufa ni kitu kimoja, na dhima ya aliyemwacha afe ni kitu kingine. La kwanza halilifuti la pili.

Kurani, katika aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara, imempa mama miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na ikamtwika baba chakula na mavazi kwa wema. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kupanga nafasi baina ya mimba mbili, angalau miaka miwili tangu kuzaa mpaka mimba nyingine, si kumkimbia Mungu. Masahaba walitumia azli katika zama za Mtume mwenyewe.

Basi jawabu langu ni hili. Aliyekuwa hajui, naye akatafuta kwa kadiri ya uwezo wake, twamtarajia msamaha wa Mola wake Mwenye kurehemu. Aliyeambiwa akapuuza, ataulizwa, na mlango wa toba u wazi mbele yake. Na sisi masheikh tuliojua kusoma tusiwaambie watu, tutaulizwa kabla yake. Ndugu yangu, mwanao yu hai. Mtunze, mpeleke kliniki, umwombee mamake maghufira. Na jirani yako akioa, mwambie yaliyokupata.

Nanyi wasomaji, itazameni desturi yetu. Mwanamke afapo, huchinjwa mbuzi wa hitima, watu wakala wakashiba. Nyama ya mbuzi yule ingalimfaa mwenyewe alipokuwa hai. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mume mwenye mke mjamzito na amwulize: "Damu yako ni ngapi?" Asipojua yeye wala mkewe, basi asubuhi yake waende pamoja wakapime.

Ewe Mola wetu, warehemu mama zetu waliotangulia, uwahifadhi walio na mimba, uwape watoto wetu afya, wala usitufanye katika wajuao wasitende. Amin.